Bima ya safari: nani anaamua mgonjwa arudishwe nyumbani?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosikika redioni)



Shangazi yangu alipokwenda Ujerumani kumwona mjukuu wake, tulimkatia bima ya safari. Nasema tulimkatia bima, lakini ukweli ni kwamba tulinunua karatasi. Ubalozi ulitaka karatasi ya bima pamoja na picha, barua ya mwaliko na taarifa ya benki. Basi tukaenda kwa wakala hapa mjini Dar es Salaam, tukalipa, tukapewa kurasa nyingi zilizobanwa pamoja. Tukachomoa ukurasa wa kwanza wenye muhuri, tukaupeleka ubalozini. Kurasa zilizobaki zikaingia kwenye bahasha, na bahasha ikaingia kabatini. Hakuna aliyezisoma. Viza ikatoka, tukamsindikiza shangazi uwanja wa ndege, tukapiga picha, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Siku ya arobaini ya safari yake, asubuhi moja ya mwezi wa Januari, shangazi alitoka nje ya nyumba ya binti yake mjini Hamburg kwenda kutupa takataka. Ngazi zilikuwa na barafu. Mtu aliyekulia Magomeni atajuaje hila za barafu? Aliteleza, akaanguka, mfupa wa nyonga ukavunjika. Gari la wagonjwa likaja upesi, akapelekwa hospitali, na kesho yake akafanyiwa upasuaji. Hospitali ilipouliza habari za bima, binti yake akatoa nakala ya ule ukurasa wa kwanza. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri.

Matata yalianza baada ya upasuaji. Shangazi alinipigia simu mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nirudisheni nyumbani. Kama ni kupona nitaponea huko kwetu, na kama ni kufa nife nikisikia adhana ya msikiti wetu."

Nani angeweza kubishana na maneno hayo? Kikao cha ukoo kikakaa jioni ile ile. Kila mmoja alisema: bima si ipo? Si imeandikwa kwamba inalipia mgonjwa kurudishwa nyumbani? Basi arudishwe! Kaka yetu mkubwa akakopa fedha, akanunua tiketi ya ndege, sote tukitegemea kwamba kampuni ya bima itazirudisha. Binti yake akatia sahihi hospitalini kwamba anamwondoa mgonjwa kwa hiari yake. Siku ya kumi baada ya upasuaji, shangazi akafikishwa uwanja wa ndege juu ya kiti cha magurudumu.

Wafanyakazi wa shirika la ndege wakamtazama. Wakauliza cheti cha daktari kinachosema kwamba anaweza kusafiri. Wakauliza kama ataweza kukaa wima wakati ndege inaporuka na inapotua. Cheti hakikuwapo, na kukaa wima alikuwa hawezi. Wakamkatalia. Tiketi ikapotea. Tulipoiandikia kampuni ya bima kudai fedha zetu, tukajibiwa kwa barua fupi isiyo na salamu nyingi: hatukuulizwa, hatukuidhinisha, hatulipi.

Tuliikasirikia sana kampuni ile. Mimi mwenyewe nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia redioni. Kisha nikaenda kabatini, nikaitoa ile bahasha, nikaanza kusoma. Nilisoma mpaka usiku wa manane, na nilipomaliza, hasira zangu zikahamia kwetu wenyewe. Yale tuliyotendewa yote yalikuwa yameandikwa. Na msaada tuliouhitaji nao ulikuwa umeandikwa, ukurasa wa tano, pamoja na namba ya simu ambayo hakuna mmoja wetu aliyeipiga.

Leo, ndugu msikilizaji, nataka nikueleze nilichokisoma katika kurasa zile. Watu wetu wanasafiri sana siku hizi. Wako wanaokwenda Dubai na Guangzhou kufuata mali, wako wanaokwenda Muscat kuona ndugu, wako wanaokwenda Ulaya kuona wajukuu. Yaliyotupata sisi yanaweza kumpata yeyote kati yao.

Jambo la kwanza ni kwamba maneno mawili yanayofanana hayana maana moja. Hati nyingi za bima ya safari hutoa ahadi mbili. Ahadi ya kwanza ni kumhamisha mgonjwa, yaani kumtoa mahali asipoweza kutibiwa ipasavyo na kumpeleka hospitali ya karibu inayofaa. Ahadi ya pili ni kumrudisha mgonjwa nchini kwake. Sisi tulidhani zote mbili zina maana ya nyumbani. Sivyo. Hospitali ya karibu inayofaa yaweza kuwa mji wa pili, au nchi ya jirani, mahali ambapo mgonjwa hana ndugu hata mmoja.

Chukua mfano wa mgeni kutoka Ulaya anayeugua akiwa juu ya mlima Kilimanjaro. Kwanza atateremshwa kwa machela ya gurudumu moja au kwa helikopta, apelekwe hospitali ya chini, kama vile KCMC pale Moshi. Madaktari wakiona anahitaji kitu kisichopatikana hapo, anaweza kurushwa Nairobi. Hizo zote ni hatua za kuhamishwa. Akishatulia, siku kadhaa baadaye, ndipo huja swali la kumrudisha kwao. Kila hatua ina idhini yake, na kila hatua ina bei yake. Na mgeni huyo ajihadhari na jambo moja zaidi: kilele cha Kilimanjaro kina urefu wa mita 5,895, na hati nyingi za bima huweka mpaka wa urefu ambao msafiri akiuvuka hana bima tena.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni swali nililoliweka juu ya mazungumzo haya. Nani anaamua? Haamui mgonjwa. Haamui mtoto wake wala kikao cha ukoo. Anayeamua ni daktari wa kampuni ya bima, au wa shirika la msaada ambalo kampuni imelipa kazi hiyo, baada ya kuzungumza na daktari anayemtibu mgonjwa. Hao huulizana maswali matatu. Je, hapo alipo anaweza kutibiwa vizuri? Je, anaweza kusafiri bila kuhatarisha maisha yake? Na je, huko anakopelekwa kuna kitanda na daktari aliye tayari kumpokea?

Likijibiwa lile la kwanza kwamba ndiyo, anatibiwa vizuri, basi kampuni hailazimiki kumrudisha nyumbani kwa sababu tu moyo wake unatamani kwao. Hamu ya kwenu haimo katika mkataba. Shangazi yangu alikuwa katika hospitali nzuri, akihudumiwa vizuri. Kwa macho ya mkataba hakuwa na haja ya kuhama siku ile.

Lakini upanga huu una makali pande mbili. Kampuni nayo ikiona kwamba mgonjwa anaweza kusafiri, na kwamba ni nafuu zaidi matibabu yaendelee kwao, inaweza kuamua arudishwe, hata kama yeye anataka kubaki. Akikataa, hati nyingi husema kwamba malipo yanakoma kuanzia hapo. Kwa hiyo anayesafiri ajue mapema kwamba amekubali kwa sahihi yake kuongozwa na daktari asiyemwona.

Pengine utauliza, kwa nini kampuni zinashikilia hivyo? Ni uchoyo tu? Uchoyo haukosekani duniani, lakini sababu nyingine ipo. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza biashara ya helikopta za uokoaji katika milima ya Himalaya. Ilionekana kwamba wapo waliokuwa wakiwarusha kwa helikopta wapanda milima wasiokuwa wagonjwa sana, wakiwalaza hospitali bila sababu, kisha wakizipelekea kampuni za bima madai makubwa. Fedha hizo mwishowe hulipwa na kila anayekata bima. Ndiyo maana kampuni hutaka kuulizwa kwanza, mgonjwa asogezwe baadaye. Bila shaka mtu aliyeanguka barabarani hawezi kungoja idhini ya mtu yeyote. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Lakini akishafika hospitali, simu ipigwe.

Jambo la tatu, nalo tulilijua kwa kuchelewa, ni kwamba ndege si basi. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu huwa nyepesi, kama hewa anayoivuta mtu aliye mahali penye urefu wa mita 1,800 mpaka 2,400. Mita 1,800 ni kama urefu wa mji wa Nairobi. Kwa mtu mzima wa afya hilo si kitu. Kwa mgonjwa wa mapafu au moyo, au mwenye upungufu wa damu, laweza kuwa jambo zito. Tena, hewa iliyofungiwa mwilini, kwa mfano tumboni baada ya upasuaji au kifuani baada ya pafu kutoboka, hutanuka huko juu kwa karibu theluthi moja. Na mtu aliyevunjika nyonga, akikaa saa nyingi bila kunyoosha miguu, damu yaweza kuganda mguuni na lile pande likapanda mpaka kwenye pafu. Watu wamekufa kwa hilo. Wale wafanyakazi wa uwanja wa ndege tuliowaona wakatili, pengine ndio waliomwokoa shangazi yangu.

Mashirika ya ndege yana fomu maalumu ya mgonjwa, ambayo hujazwa na daktari na kupitiwa na daktari wa shirika kabla ya safari. Mgonjwa asiyeweza kukaa hulazwa kwenye machela inayofungwa juu ya viti vilivyokunjwa. Machela hiyo huchukua nafasi ya viti sita au zaidi, na viti vyote hivyo hulipiwa. Muuguzi au daktari husafiri naye. Mgonjwa aliye mahututi hawezi hata hilo. Huyo huhitaji ndege yake mwenyewe yenye mitungi ya oksijeni na mashine za kupumulia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye fedha. Sheria ya viza ya nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29, hutaka msafiri awe na bima ya angalau euro 30,000. Masharti haya yalianza mwaka 2004, kisha yakaingizwa katika kanuni za viza za mwaka 2009, ambazo zilianza kutumika mwaka 2010. Bima hiyo lazima ilipie matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Euro 30,000 zaonekana nyingi ukizibadilisha kwa shilingi. Lakini siku chache katika chumba cha wagonjwa mahututi, na juu yake ndege ya wagonjwa kutoka Ulaya mpaka Afrika Mashariki, zinaweza kuzimaliza zote na deni likabaki. Kiasi kile ni kima cha chini kilichowekwa ili nchi za watu zisiachiwe madeni. Hakikupimwa kwa mahitaji ya shangazi yako.

Na ziko nchi zisizouliza bima kabisa. Uingereza haimdai mgeni wa matembezi karatasi ya bima ili apate viza. Watu wetu wengi hufurahi kwamba wamepunguziwa gharama moja. Lakini mgeni akilazwa huko, hospitali za serikali humtoza asilimia 150 ya gharama za matibabu, na deni lisilolipwa laweza kumzuia asipate viza siku nyingine. Kutoulizwa bima si sawa na kutoihitaji.

Jambo la nne ni ukweli. Katika fomu ya bima kuna swali: je, una maradhi yoyote? Shangazi ana kisukari cha miaka mingi. Yule aliyetujazia fomu alituambia kwamba tukisema ndiyo bei itapanda, basi akaandika hapana, nasi tukanyamaza. Kampuni ilipopata maelezo ya hospitali ya Hamburg ikaona kisukari kimeandikwa, ikaanza kuuliza maswali. Majuma mawili tulilala macho wazi. Bahati yetu ni kwamba kuteleza kwenye barafu hakutokani na kisukari, nao mwishowe wakakubali. Lakini je, kama angeanguka kwa sababu sukari imeshuka? Tungelipa kila senti ya upasuaji ule wenyewe, na nyumba ya Magomeni ingeuzwa.

Desturi ya bima tangu zamani ni kwamba anayekata bima husema yote anayoyajua. Jaji mmoja wa Uingereza, Lord Mansfield, aliliweka jambo hilo wazi mwaka 1766, na mafundisho yake yakaenea katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza. Anayeficha ugonjwa ili apunguziwe bei ananunua bima ambayo siku ya shida haitakuwapo. Kama mgonjwa ana presha, sukari au moyo, mtajeni. Mlipe hiyo nyongeza. Na kama mzazi ni mtu mzima sana, ulizeni umri, kwa maana hati nyingi zina umri wa mwisho, au hupunguza malipo kwa wazee.

Jambo la tano linawahusu wale wanaosafiri ili kutibiwa. Ndugu zetu wengi hupelekwa India, wakichangiwa na ukoo mzima, na wengine hukata bima ya safari wakidhani italipia hospitali ya huko. Haitalipia. Bima ya safari ni ya dharura isiyotazamiwa. Safari ambayo shabaha yake ni matibabu kwa kawaida haimo. Vivyo hivyo, ukiwa safarini ukagundua una ngiri au jicho lenye mtoto wa jicho, na daktari akasema hili laweza kungoja mpaka urudi kwenu, basi litangoja, wala kampuni haitalipa.

Na huku kwetu je? Wako wanaodhani mambo haya ya ndege za wagonjwa ni ya Wazungu. Historia inawakatalia. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waliasisi huduma ya madaktari wanaoruka kuwafuata wagonjwa wa vijijini Afrika Mashariki. Huduma hiyo ndiyo AMREF ya leo, na ndege zake ziko kiwanja cha Wilson, Nairobi. Mtu anaweza kulipa ada ya mwaka ili akipatwa na dharura porini ndege imfuate. Lakini hapa pia soma vizuri. Ada ya ndege ni ya ndege. Ukishateremshwa mlangoni pa hospitali, hospitali nayo itataka malipo yake.

Zanzibar nayo imefuata njia ya wenye viza za Schengen. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nchi za nje alitakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, ya muda usiozidi siku 92, ambayo ndani yake mna matibabu ya dharura na kuhamishwa kwa mgonjwa. Mantiki ni ile ile ya Ulaya. Mwenyeji hataki kuachiwa deni la mgeni. Basi na sisi tunapokuwa wageni wa wengine tuelewe kwa nini tunaulizwa.

Sasa nikumalizie habari za shangazi. Nilipoisoma ile bahasha nikaipiga ile namba ya ukurasa wa tano. Aliyepokea aliuliza namba ya hati, jina la hospitali na jina la daktari. Kesho yake daktari wao alizungumza na daktari wa Hamburg. Wakasema bado, apewe majuma matatu. Muda wa hati ulikuwa unakaribia kwisha, lakini wakatuandikia kwamba kwa kuwa mgonjwa hawezi kusafiri, na wao wamearifiwa, muda umeongezwa. Kama tusingepiga simu ile, ungekwisha kimya kimya.

Baada ya majuma matatu shangazi aliweza kukaa. Kampuni ikamkatia kiti cha mbele kinacholala, ikamletea muuguzi wa kusafiri naye, fomu ya shirika la ndege ikajazwa, sindano ya kuzuia damu isigande akachomwa, na gari la wagonjwa likamngoja Dar es Salaam. Sisi hatukulipa hata shilingi kwa safari ile. Ile tiketi ya kwanza, ya fedha za kukopa, kaka yetu bado anailipa mpaka leo.

Lakini hata hapo tulikuta jambo moja la mwisho. Gari lilipomfikisha hospitali ya hapa, karatasi za kupokelewa zikatiwa sahihi, na bima ikakoma. Bima ya safari ni ya nje ya nchi yako. Ukishafika kwenu, safari imekwisha, na bima nayo imekwisha. Mazoezi ya viungo ya miezi mitano, dawa, gongo la kutembelea, yote tulilipa wenyewe kwa kuchangishana. Hakuna aliyekuwa ametuambia, ingawa, nalo pia, lilikuwa limeandikwa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla msafiri wako hajaondoka, kaeni jioni moja na kurasa zote. Usiridhike na ule wenye muhuri. Tafuteni mambo haya. Je, hati inaahidi kumhamisha mgonjwa tu, au na kumrudisha kwao? Mpaka wa malipo ni kiasi gani, na ndege ya wagonjwa imo ndani ya kiasi hicho au ina fungu lake? Ni kiasi gani mtachangia wenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa? Maradhi aliyonayo yameandikwa? Mwenye bima akifariki, maiti husafirishwa kwa gharama ya nani, na wale wanaopenda kuzika huko huko wanasaidiwa? Tunajua wenyewe michango inayopita katika simu zetu kila ndugu anapofia ugenini, na mara nyingine marehemu alikuwa na hati ya bima sandukuni ambayo hakuna aliyeifungua.

Kisha iandikeni namba ya dharura ya kampuni mahali pawili: katika simu ya msafiri na katika simu ya ndugu anayemfuata huko. Nakala moja ya kurasa zote ibaki hapa nyumbani kwa mtu asomaye. Na ikitokea shida, pigeni simu kabla ya kununua tiketi, kabla ya kumhamisha mgonjwa, kabla ya kutia sahihi hospitalini. Mwandikeni jina aliyepokea na saa aliyopokea.

Kampuni ikikataa dai lenu bila haki, msikate tamaa. Hapa Tanzania ipo TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, zinazotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Lakini mkienda huko mtaulizwa swali lile lile nililojiuliza mimi usiku ule: je, mliisoma hati yenu?

Shangazi sasa anatembea kwa gongo, na adhana ya msikiti wake anaisikia mara tano kwa siku. Juzi aliniambia kwamba binti yake anamwita tena Hamburg, wakati wa kiangazi safari hii. Nikamwambia sawa, shangazi, lakini bahasha naishika mimi.

Kwaheri mpaka juma lijalo.